Kupata mwafaka kwenye mkutano mkuu wa kijiji: mfano wa kutenga malisho

Watu 300 waliokusanyika uwanjani hawatengenezi mwafaka. Wanachoweza ni kuupima ule uliokwisha kutengenezwa vitongojini. Tuchukue jambo linalogombanisha vijiji vingi vya Tanzania: kutenga malisho penye wakulima na wafugaji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Kura ya wengi inaweza kupitisha mpaka. Ila walioshindwa kwa kura 20 ndio watakaolima ndani ya malisho msimu ujao, na kijiji hakina mlinzi wa kila bikoni, yaani alama ya mpaka.

Anza na pendekezo la maandishi. "Tutenge malisho" si pendekezo. Kila mtu ataitikia huku ana eneo lake kichwani. Andika eneo linaanzia wapi na kuishia korongo gani, ni ekari ngapi, njia ya ng'ombe kwenda lamboni ina upana wa mita ngapi, nani ana shamba humo na atafidiwa nini, na mpango utapitiwa upya lini. Kabla ya kuandika, utembee mpaka huo kwa miguu pamoja na wakulima wawili watatu na wafugaji wawili watatu.

Wiki tatu kabla ya mkutano mkuu, lipeleke pendekezo kila kitongoji. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Gawa watu vikundi vya 8 hadi 10. Wakizidi hapo, watatu wataongea na waliobaki watasikiliza. Wanawake wakae kikundi chao na vijana chao, kwa kuwa kijana hatampinga baba mkwe wake hadharani, na wanaotafuta kuni na maji wanajua njia ambazo wanaume hawazipiti. Waombe wazee wazungumze mwisho. Si kuwavunjia heshima: mzee akishatamka, wengi hunyamaza, na ukimya huo usiuhesabu kuwa ni kukubali.

Swali la maana kwa kila kikundi ni moja: kibadilishwe nini ili uweze kuishi na mpango huu? Kinara wa kikundi aandike sababu, siyo msimamo. "Hatutaki" haifanyiwi kazi. "Ng'ombe watapita kwenye bustani zetu wakati wa kiangazi" inafanyiwa kazi: njia inasogezwa. Kila kitongoji kitume wawili, mmoja anayeunga mkono na mmoja mwenye shaka, wakae na halmashauri kurekebisha maandishi. Pendekezo jipya libandikwe kwenye ubao wa matangazo siku saba kabla.

Tarehe nayo huharibu mambo. Usiite mkutano siku ya mnada, wakati wa palizi, wala wakati wafugaji wamehamisha mifugo kufuata maji. Mtendaji wa kijiji ahesabu mahudhurio kwa kitongoji. Kitongoji kizima kikikosekana, ahirisha hata kama akidi imetimia.

Siku yenyewe, acha ile ya "wanaoafiki waseme ndiyo". Sauti kubwa ya watu wa mbele huficha waliokaa nyuma. Tumia vidole: vitano, naunga mkono kabisa; vitatu, nina wasiwasi lakini nitaufuata; kimoja au viwili, urekebishwe kwanza; ngumi, napinga. Wote wainue mara moja baada ya kuhesabu tatu, ili mtu asimtazame jirani. Kisha wasikilize walioinua chini ya vitatu tu, dakika mbili kila mmoja: sababu, na marekebisho anayotaka. Rekebisha, pima tena.

Ngumi hazina uzito sawa. Anayepoteza shamba lake pekee anasimamisha uamuzi mpaka apewe jibu. Asiyependa tu, pingamizi lake liandikwe na apishe. Ngumi zote zikitoka kitongoji kimoja, usiseme "ni wachache". Hao ni jamii nzima yenye hoja ambayo haijasikika, na jambo hilo lirudi kwao. Duru ya pili ikikwama, usiwachoshe watu kwa ya tatu. Pendekeza majaribio ya msimu mmoja, tarehe ya kutathmini ikiwa imetajwa, upime hilo.

Muhtasari uandikwe palepale na usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, ukiwa na mipaka, pingamizi, na nani atafanya nini kabla ya tarehe gani. Mwenyekiti na mtendaji wasaini, orodha ya mahudhurio iambatanishwe. Muhtasari unaoandikwa nyumbani siku ya tatu huongezeka ekari. Bikoni ziwekwe ndani ya wiki hiyo, na waliopinga waalikwe kushika futi kamba, wahakikishe vipimo wenyewe.