Somo: Kusoma mizani wakati uzito unashuka kwa kusuasua

Ukila kalori 500 pungufu ya zile mwili unazotumia kwa siku, unapoteza takriban gramu 65 za mafuta. Mizani nyingi za nyumbani zinasoma kwa hatua za gramu 100. Kwa hiyo kazi ya siku nzima, hata ukiifanya bila kosa, haionekani kesho yake asubuhi. Wakati huohuo maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni vinaweza kusogeza namba kwa kilo moja hadi mbili kati ya Jumamosi na Jumatatu. Anayepanda mizani leo na kujihukumu leoleo anahukumu maji.

Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na wanaotumia insulini waongee kwanza na kliniki yao. Wengine tuendelee.

Hatua ya 1: Ijaribu mizani

Iweke juu ya saruji tupu, si kwenye mkeka wala kapeti, na isihamehame. Kisha jaza maji jerikani ya lita 20, funga mfuniko, ipime mara tatu mfululizo. Usitarajie 20 kamili: jerikani ikijazwa hadi shingoni hupokea zaidi ya hapo, na plastiki nayo ina uzito wake. Unachotafuta ni namba ileile mara zote tatu. Zikipishana kwa zaidi ya gramu 200, badilisha betri. Zikiendelea kupishana, mizani hiyo wape watoto wacheze. Piga alama ya kalamu pale maji yalipofika ili mwezi ujao urudie jaribio.

Baadhi ya mizani za kidijitali zina ujanja wa kukariri. Ukipanda mara ya pili na tofauti ikawa ndogo, zinakurudishia namba ya kwanza ili zionekane makini. Ukiishuku yako, pima jerikani katikati, halafu upande tena.

Hatua ya 2: Saa moja, hali moja

Asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, na leso moja tu mwilini. Sahani ya matoke ya gramu 700 na kikombe cha chai cha mililita 300 ni kilo nzima kwenye mizani dakika hiyohiyo, na hakuna hata gramu ya mafuta iliyoongezeka bado. Anayepima jioni leo na asubuhi kesho anajitafutia presha bure.

Hatua ya 3: Wastani wa siku saba

Hapa ndipo somo lilipo. Andika namba ya kila siku bila kuijadili, na Jumapili jumlisha saba, ugawe kwa 7. Tazama mfano huu, Jumatatu hadi Jumapili:

Wiki ya kwanza: 84.2, 83.8, 84.5, 84.6, 84.0, 83.9, 83.7. Wastani 84.1.
Wiki ya pili: 83.9, 83.4, 83.3, 83.5, 83.6, 83.4, 84.8. Wastani 83.7.

Anayepima Jumapili peke yake ameona 83.7 halafu 84.8. Atasema ameongezeka kilo 1.1 na ataacha. Wastani unasema ameshuka gramu 400, mwendo mzuri kabisa. Ile 84.8 ni asubuhi baada ya kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya Jumamosi: pilau, muchomo (nyama choma), soda mbili. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo ili ile 1.1 iwe mafuta kweli angehitaji kula kalori 8,500 hivi juu ya mahitaji yake ya siku. Ukikadiria rolex ya mayai mawili (chapati iliyoviringishiwa mayai) kuwa kalori 500, hizo ni rolex 17 za ziada kwa siku moja. Hata mwenye kibanda angeuliza kulikoni.

Hatua ya 4: Kando ya namba, andika kisa

Neno moja au mawili yanatosha: "kwanjula", "hedhi", "basi", "choo hakuna". Baada ya mwezi utaona namba zako zinarukia wapi na kwa nini. Visa vikubwa ni hivi.

Wanga. Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa jina la glaikojeni, takriban gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika maji gramu 3 hivi. Ukipunguza posho (ugali), mihogo na chapati, akiba hiyo inashuka na maji yake yanatoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza watu hutangaza kilo tatu. Sehemu kubwa si mafuta, na wiki ya tatu mwendo unapopungua hakuna kilichoharibika: maji ya kutoka yameisha, sasa unaona kasi halisi. Ukila posho kwa kushiba siku moja, maji yanarudi.

Chumvi. Lita moja ya dripu ya kawaida ina gramu 9 za chumvi, nao mwili hushika maji kwa uwiano wa karibu na huo mpaka figo ziitoe ile ya ziada, kazi ya siku moja hadi tatu. Samaki wa chumvi, chipsi za barabarani na viungo vya pakiti kwenye mchuzi vinatosha kukupandisha nusu kilo.

Hedhi. Wanawake wengi hushika maji siku chache kabla na mwanzoni mwa hedhi, wengine hadi kilo mbili. Usilinganishe wiki hiyo na iliyotangulia. Ilinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Misuli inayouma. Ukianza mazoezi mapya, au msimu wa kulima umeanza na hujashika jembe kwa miezi, misuli hushika maji inapojirekebisha. Namba inaweza kusimama wiki moja au mbili huku mafuta yakitoka.

Safari ndefu ya basi hujaza miguu maji, choo kigumu huongeza uzito. Vyote hupita.

Hatua ya 5: Tepu ya fundi cherehani

Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Tafuta mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati ya hapo, baada ya kutoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Tepu za kitambaa hulegea zikizeeka, kwa hiyo ilinganishe na rula ya sentimita 30. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya magonjwa huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na hupanda sana kikizidi 88 na 102. Kiuno kikishuka huku mizani imesimama, unasonga mbele.

Hatua ya 6: Wiki nne kabla ya kubadilisha chochote

Linganisha wastani wa wiki ya 1 na wa wiki ya 5. Umeshuka kilo moja na nusu au mbili? Usiguse kitu. Umeshuka chini ya nusu kilo, na kiuno kimegoma pia? Hapo kuna pengo la kalori lililozibwa, na mara nyingi lilizibiwa jikoni.

Anza na mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 hivi. Anayemimina kutoka chupani "kidogo tu" mara nyingi humimina vijiko vinne. Pima kwa kijiko wiki moja, ndipo ujue. Kisha binyebwa: mchuzi wa karanga unaonekana mwepesi kwa sababu una maji, lakini vijiko vikubwa viwili vya karanga zilizosagwa ni karibu kalori 190. Chai ya maziwa yenye vijiko vidogo vinne vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, ni sukari ya kalori 190 peke yake. Soda ya mililita 300 ni kalori 125 hivi, bia ya nusu lita ni karibu 200.

Posho ipime ikiwa unga mkavu. Gramu 100 za unga ni takriban kalori 360, lakini posho iliyopikwa inategemea mpishi alitia maji kiasi gani, kwa hiyo kuipima kwenye sahani hakukupi jibu. Matoke ya kuchemsha ni kama kalori 120 kwa gramu 100. Si chakula kibaya hata kidogo. Kinachoponza ni mlima wenyewe, na kile kinachomiminwa juu yake.

Ukiishakagua yote na bado, punguza kalori 150 hadi 200 kwa siku, si zaidi. Mwili uliopungua kilo 10 unahitaji kalori zipatazo 200 pungufu kwa siku kuliko mwanzo, kwa hiyo lile pengo la 500 limebaki 300. Kufunga mlo mzima kwa hasira huishia kwenye kikomando (chapati na maharage) cha saa nne usiku.

Maswali ya wanachama

*Mbale: Miezi miwili mizani haisogei, kilo 91, lakini sketi zimelegea na kiuno kimetoka 104 hadi 99. Nifanye nini?*

Dada, endelea hivyohivyo. Sentimita tano si maji. Ikiwa umeanza kazi nzito au mazoezi ya nguvu, misuli na maji yake vimechukua nafasi ya mafuta yaliyotoka. Badilisha tu ikiwa kiuno nacho kitasimama wiki nne.

*Arua: Sina mizani. Napima kwa yule mzee wa kando ya barabara, kila mara namba tofauti.*

Chagua mzee mmoja, siku moja ya wiki, saa ileile ya asubuhi. Vua viatu, toa simu na funguo, vaa nguo zinazofanana. Kwa kuwa unapata namba moja kwa wiki, chukua wastani wa namba nne ulinganishe na wa nne zinazofuata. Ndiyo, ni miezi miwili kabla hujajua. Katikati tegemea tepu, nayo ni bei ya rolex moja au mbili.

*Kampala: Naendesha boda, nakula mara moja usiku, na bado sipungui. Asubuhi nyingine napanda kilo nzima.*

Kaka, hiyo kilo ni mlo wenyewe. Ukila saa nne usiku na kupima saa kumi na mbili asubuhi, chakula hakijatoka. Kuhusu kutopungua, mlo ni mmoja, je, vinywaji ni vingapi? Soda mbili za mchana na bia mbili za jioni ni kalori 650. Ziandike siku saba kabla ya kugusa sahani.

*Jinja: Nilianza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, uzito unapanda. Jirani yangu anasema hata ARV zinanenepesha.*

Sindano hiyo huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, si wote. Prednisolone (dawa ya steroidi) na insulini pia hupandisha. Dolutegravir, iliyomo katika vidonge vingi vya ARV vinavyotolewa sasa Uganda, imehusishwa na kuongezeka uzito. Usiache wala kuruka dawa hata siku moja kwa sababu hiyo. Peleka daftari lako la wastani kliniki, uliza kama kuna njia nyingine inayokufaa. Daftari lina nguvu kuliko kusema "nimenenepa".

*Iganga: Wakati wa Ramadhani nipime saa ngapi?*

Ukiamka kwa daku, baada ya choo, kabla ya kula. Ukipima kabla ya futari utaona namba ndogo, lakini ni kiu hiyo. Wiki za Ramadhani zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, na wiki ya Iddi iandikie kisa chake.

*Masaka: Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye taxi park zinasaidia? Rafiki alishuka kilo mbili kwa siku tatu.*

Alitoa maji na choo. Nyingi zina dawa za kuharisha, na siku akiacha kilo zinarudi. Kuzitumia mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaihitaji.

*Mbarara: Mume wangu tunakula pamoja, yeye anashuka mara mbili yangu.*

Mwili mkubwa wenye misuli mingi hutumia zaidi, na hana hedhi ya kumchanganya. Linganisha wastani wako na wako.

*Gulu: Nimepungua kilo 9 kwa miezi saba. Kanisani kila mtu ananiambia nimekonda, eti naumwa nini. Mama anataka nianze kula tena.*

Mama mjibu kwa heshima, umwonyeshe daftari: kilo 9 kwa miezi saba ni gramu 300 hivi kwa wiki, mwendo wa mtu anayekula. Wengine waambie unatembea sana, inatosha. Ila swali lao si la kupuuzwa lote. Uzito ukishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki baada ya mwezi wa kwanza, au ukishuka wiki ambazo umekula kama zamani, au ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu na mkojo wa mara kwa mara, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu, sukari na HIV, hata kama ulikuwa unapunguza kwa makusudi. Daftari uende nalo.