Mgongo ukiuma: wakati wa kungoja na wakati wa kukimbia hospitali

Ukali wa maumivu peke yake haukuambii mengi. Mpakiaji wa miwa kule Muhoroni anaweza kukakamaa kiuno asubuhi moja hata ashindwe kufunga viatu, na baada ya wiki mbili akawa mzima kabisa. Mwingine ana maumivu madogo tu kati ya mabega, yamekaa miezi miwili na usiku anatokwa jasho. Huyo ndiye anayehitaji kupimwa haraka. Kwa hiyo jiulize maumivu yako yameandamana na nini.

Anza kwa kujipima nyumbani. Kwanza choo: kibofu kimejaa lakini mkojo hautoki? Unavuja, au haja kubwa inatoka, bila wewe kujua? Pili ngozi: unapojisafisha baada ya haja, unahisi mkono wako? Ganzi ya kuogopwa ni ile inayokaa mahali pote panapogusa kiti cha baiskeli, yaani makalio, mapaja kwa ndani na sehemu za siri. Tatu miguu: tembea hatua kumi kwa visigino, kisha kumi kwa ncha za vidole. Maumivu yanayoshuka mguu mmoja hadi chini ya goti ni ya kawaida na mengi hupoa yenyewe. Mguu unaolegea, wayo usioinuka, hilo ni jambo jingine.

Choo au ngozi ikibadilika, au miguu yote miwili ikilegea, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, mara nyingi na diski (kile kitu laini kati ya mifupa ya mgongo) iliyochomoza, na hizo ndizo zinazoendesha kibofu, haja kubwa na nguvu za tendo la ndoa. Upasuaji wa kuzifungulia unatakiwa mapema iwezekanavyo, vyema ndani ya saa 48. Zikichelewa, huenda mkojo usirudi kawaida maisha yote. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa: Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wengi bado huiita Russia, ile ya rufaa ya Nakuru iliyokuwa PGH (hospitali kuu ya mkoa), au Moi kule Eldoret. Ukifika sema waziwazi, "Nina ganzi katikati ya mapaja na mkojo hautoki." Tafadhali usione haya. Ukisema tu "mgongo unauma," ni rahisi kuchomwa sindano ya kutuliza na kurudishwa nyumbani.

Aliyeanguka na boda au kutoka juu ya mwembe asikandwe wala asiketishwe. Zaidi ya yote, asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Kila shimo linaipinda pingili (mfupa wa mgongo) iliyovunjika, na hapo ndipo uti unapoweza kuumia. Tafuteni ubao mpana au mng'oe mlango. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa sawa na mwili, na yeye ndiye ahesabu. Wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, ubao uingizwe chini yake. Kwa mzee, au mtu aliyetumia steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) muda mrefu, kuteleza bafuni tu kunatosha kuvunja pingili.

Mgongo pamoja na homa usilale nao. Muone daktari siku hiyo hiyo. Maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu, kutetemeka, kutapika na mkojo unaochoma huashiria figo. Huku kandokando ya Ziwa Victoria homa yoyote huitwa malaria, na kipimo kweli kinaweza kuonyesha malaria, lakini hilo lisizuie mkojo wako kupimwa. Mfugaji au mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa, ambaye homa yake huja na kuondoka kwa wiki kadhaa, ataje brusela, homa inayotoka kwa mifugo. Mwenye selimundu (sickle cell) akipata homa asingoje hata kidogo. Mjamzito ambaye kiuno kinambana na kuachia kwa zamu kabla ya wiki 37 aende kituo cha uzazi, maana huenda ni uchungu umeanza mapema.

TB ya mgongo ndiyo inayochelewa kugunduliwa, kwa sababu kikohozi kinaweza kukosekana kabisa. Hula pingili polepole. Maumivu hukaa mahali pamoja, ukigonga pingili hiyo taratibu kwa ngumi inauma, usiku hayapoi, na mshipi unahitaji tundu jipya. Baadaye kibiongo kidogo hujitokeza. Mwenye VVU, au aliyeishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, asingoje zile wiki sita ambazo wengine wanaweza kungoja. Eksirei ya mwanzoni inaweza kuonekana safi, kwa hiyo dalili zikiendelea uliza kuhusu MRI, picha inayoonyesha zaidi ya eksirei. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali, na ya mifupa hutibiwa kwa takriban mwaka mmoja. Kupungua uzito na maumivu ya usiku kwa mtu aliyepita miaka 50, au aliyewahi kuugua saratani, pia hutaka vipimo vya mapema.

Kama hakuna hata moja ya hayo, unaweza kungoja. Usilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Tembea kidogo kidogo, kanda kwa maji ya moto. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol tembe mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku. Ibuprofen usitumie ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba, na mwenye presha aulize kwanza. Epuka unga au vidonge visivyo na lebo vya "kumaliza mgongo": baadhi huchanganywa steroidi, unapata nafuu huku mifupa inadhoofika. Wiki sita zikipita bila nafuu, au maumivu yakizidi kabla ya hapo, nenda.

Siku ya kwenda, andika tarehe yalipoanza, ulikuwa unabeba nini, yanashuka hadi wapi, na dawa zote ulizomeza. Vaa suruali inayokunjika: tabibu anapaswa kukuvua viatu, kupima nguvu za vidole gumba vya miguu na kugusa ngozi yako. Asipofanya hivyo, mwombe.