Kuipita Kennedy kwa boti: kutoka New Smyrna hadi Cocoa kwa siku moja

Ni safari ya kama kilomita 80 kwenye maji ya ndani yanayoambaa pwani ya Florida, Marekani, ukipita kando ya Kennedy, kituo cha shirika la anga la NASA cha kurushia roketi. Boti ya mwendo wa kilomita 13 kwa saa itatumia saa sita na ushei, mbali na mapumziko. Shida yake ni moja: majengo ya kurushia roketi ni makubwa mno, njia yenye kina ni nyembamba, na anayeshangaa hujikuta juu ya fungu. Kwa hiyo gaweni kazi kabla ya kung'oa nanga. Mmoja ashike usukani, mwingine ashike darubini, kisha mpokezane.

Hatua ya 1: Angalia upepo

Ukishaiacha milango ya bahari nyuma, maji kujaa na kupwa hakuna uzito. Indian River inaitwa mto, lakini ni wangwa mrefu, na kinachoamua hali yake ni upepo. Siku ya upepo mkali wa kaskazini au kusini mawimbi huwa mafupi na yenye kuchapa. Kama boti yako ni ndogo, ngoja kesho.

Hatua ya 2: Ondoka saa moja asubuhi, ufuate alama

Unapoelekea kusini, alama nyekundu ziwe mkono wa kulia na za kijani kushoto. Ukichanganyikiwa, tafuta kibandiko cha njano: pembetatu ni kulia, mraba ni kushoto. Ndani ya Mosquito Lagoon, wangwa wa kwanza njiani, usikate kona hata mara moja. Maji yanatanda mpaka upeo wa macho, ila nje ya njia mengi ni ya magoti. Geuka utazame na alama ya nyuma pia, maana upepo wa ubavuni hukusogeza pole pole huku omo, yaani mbele ya boti, ikielekea sawasawa.

Hapa ndipo mchemraba wa kijivu unapochomoza upande wa kusini. Hilo ni jengo la kuunganishia roketi, VAB, lenye kimo cha mita 160. Utadhani umefika. Bado saa kadhaa.

Hatua ya 3: Haulover Canal, taratibu

Mfereji huu unaunganisha Mosquito Lagoon na Indian River. Hapa hukaa manatii, ndugu wa nguva wetu, na sheria inataka mwendo wa pole. Wakijitokeza karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, ondoa gia. Daraja ni la kufunguka; kama boti yako ina mlingoti mrefu, mwite mlinzi kwa redio, chaneli 9. Ukitoka upande wa pili usigeuke kusini mapema, fuata alama hadi zikugeuze zenyewe.

Hatua ya 4: Pumzika Titusville mpaka saa nane mchana

Kabla ya mji kuna daraja la reli ambalo kwa kawaida hukaa wazi. Taa zikimweka, ngoja treni ipite. Wengi huiona Titusville kama kituo cha mafuta tu, wakapita asubuhi. Mimi nakataa. VAB iko mashariki, kwa hiyo kabla ya adhuhuri utapiga picha ya kivuli cheusi. Kula chakula, tembea Space View Park kwenye minara ya kumbukumbu ya safari za anga za Marekani: Mercury, Gemini, Apollo na vyombo vya shatoli. Baada ya saa nane jua linakuwa mgongoni mwako na jengo linang'aa.

Kushoto kwake, ng'ambo ya kisiwa, tafuta kwa darubini majukwaa mawili ya kurushia. 39A ndiko Apollo 11, iliyowafikisha watu wa kwanza mwezini, ilikoruka tarehe 16 Julai 1969; 39B ndiko ilikoruka Artemis I, iliyouzunguka mwezi bila watu, Novemba 2022. Watu wa Malindi wasione haya: majukwaa ya San Marco pale Ngomeni yalirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970.

Ukibahatika kukuta siku ya kurusha roketi, kumbuka 39A iko kama kilomita 19 kutoka hapa. Moto utauona kwanza, ngurumo itafuata baada ya karibu dakika nzima. Siku hiyo sikiliza matangazo ya walinzi wa pwani redioni.

Hatua ya 5: Shuka kusini uione bendera

Bendera ya Marekani iliyochorwa kwenye VAB, mita 64 kwa 34, iko upande wa kusini wa jengo. Ukiwa Titusville huioni. Inajifungua ukikaribia daraja la NASA Causeway, ukitazama nyuma kushoto. Mpe mwenzako usukani sasa.

Hatua ya 6: Tia nanga Cocoa

Utafika karibu saa kumi na moja jioni. Tuta la barabara inayovuka maji ndilo kinga yako: upepo ukitoka kaskazini, lala kusini mwake, ukitoka kusini, lala kaskazini. Weka neti madirishani kabla jua halijazama, kwa sababu mbu wa huku hawana mzaha.