Majira ya Kuchipua katika Shamba la Wanachama: Kupanga Kazi za Udongo na za Watu

Shamba dogo la wanachama hupokea fedha kabla ya mavuno. Mwanachama hulipia hisa yake mwanzoni mwa msimu, na fedha hiyo ndiyo inayonunua mbegu, mboji na vifaa. Baadaye yeye hupokea fungu lake la mboga kila wiki, likawa kubwa au dogo kadiri shamba lilivyojaliwa. Utaratibu wa namna hii ulienea Japani katika miaka ya 1970 kwa jina la teikei, na nchini Marekani mashamba mawili ya mwanzo, Indian Line Farm na Temple-Wilton Community Farm, yaliuanza mwaka 1986. Ugumu wake huonekana zaidi katika majira ya kuchipua, kwa kuwa wakati huo mwanachama ameshalipa, mfuko unapungua, na shambani hakuna cha kuchuma. Kwa hiyo, anayepanga kazi za msimu huu hana budi kupanga mambo mawili kwa pamoja: mimea iwahi, na wanachama waone kwa macho yao kile ambacho fedha yao inafanya.

Kalenda ianzie kwenye tarehe ambayo kwa kawaida jalidi ya mwisho, yaani baridi ya kugandisha inayounguza miche, huanguka katika eneo lenu, kisha mhesabu kurudi nyuma. Mbegu za nyanya huatikwa ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe hiyo; kuziwahisha zaidi hakuna faida, kwa maana mche uliokaa sana kwenye trei hurefuka, ukawa dhaifu na mizizi yake ikajisokota. Vitunguu huhitaji muda mrefu zaidi, wiki 10 hivi kabla ya kupandikizwa. Njegere, spinachi na figili huvumilia baridi, hivyo husiwa moja kwa moja ardhini mara tu udongo unapolimika, ilhali maharage husubiri mpaka joto la udongo lifikie nyuzi 15 za Selsiasi. Nunueni kipimajoto cha udongo hata kama mfuko ni mdogo, kwa sababu siku tatu za jua hupasha hewa na kuwatia watu hamu ya kupanda, huku udongo wa kina cha sentimita 10 ukiwa bado baridi.

Kabla ya jembe lolote kuinuliwa, chukua gao la udongo ulikaze mkononi, kisha ulisukume kwa kidole gumba. Likivunjika na kuwa chembechembe, fanyeni kazi. Likibaki donge linalong'aa, acheni. Udongo uliolimwa au kukanyagwa ukiwa umeloa hushikamana, ukabana maji na kuzuia mizizi kwa msimu mzima. Hapa ndipo siku za kazi za pamoja huleta hasara badala ya msaada: siku ilishatangazwa, watu wamefika na mabuti yao, na msimamizi anaona haya kuwaambia kwamba matuta hayako tayari. Dawa yake ni kuwa na orodha ya kazi za akiba ambazo hazigusi matuta kabisa, kama vile kujaza trei, kuandika vibao vya majina na tarehe, kupindua lundo la mboji, kunoa majembe na kurekebisha uzio.

Mgeni wa kilimo apewe kazi ambayo akikosea haitaharibu zao. Kupanda mbegu za viazi, kusambaza mboji kwa toroli na kutandaza majani makavu kwenye njia za kati ya matuta ni kazi nzuri kwake. Watoto hufurahia mbegu kubwa, yaani njegere na maharage, ambazo vidole vyao huzishika bila shida, na wazee wanaoumwa mgongo wawekewe meza na viti ndani ya kitalu. Palizi ya karoti changa, kwa upande mwingine, msiitoe ovyo. Karoti huchukua wiki 1 hadi 3 kuchomoza, na miche yake ni myembamba kiasi kwamba asiyeizoea huing'oa pamoja na magugu kwa nia njema kabisa. Changanyeni mbegu chache za figili katika mstari wa karoti. Figili huota ndani ya siku chache na kuonyesha mstari ulipo, kisha huvunwa karoti zingali ndogo.

Miche iliyokulia ndani huzoeshwa nje kwa siku 7 hadi 10, ikitolewa saa chache kwanza na muda ukiongezwa kila siku. Kazi hii inataka zamu, na kwa maoni yangu ndiyo inayowafunga wanachama na shamba kuliko sherehe yoyote, kwa kuwa anayejua kwamba trei za nyanya zinamsubiri yeye jioni hasahau kuja. Wekeni pia namba za simu za wanachama wanaokaa karibu, ili utabiri ukitaja jalidi waitwe kabla ya giza, waje kuyafunika matuta kwa vitambaa vyepesi.

Samadi mbichi isipelekwe kwenye matuta ya letusi na spinachi wakati huu, hata ikitolewa bure. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusana na udongo.

Tangazeni mapema kwamba mafungu ya kwanza yatakuwa madogo na ya majani zaidi: figili, spinachi, letusi, vitunguu vya majani. Mkilazimika kununua mboga kwa jirani ili kujaza kapu, andikeni hivyo waziwazi, kwani mwanachama huvumilia kapu jepesi kuliko kugundua mwenyewe kwamba alifichwa. Siku ya kugawa, mtu mmoja akae na daftari na kuuliza kilichoachwa bila kuliwa wiki iliyopita. Letusi na figili husiwa upya kila baada ya wiki 2 hivi, kwa hiyo majibu hayo yanaweza kubadilisha kiasi cha mbegu katika awamu inayofuata.