Jumapili Aachen hamna duka: unavyonunua vitu ukiishi mpakani

Kama ndo umehamia Aachen na umezoea duka la Mangi ambalo hata saa tano usiku unagonga dirisha unauziwa, jiandae, Jumapili ya Ujerumani imelala kabisa. Mapumziko ya siku hiyo yamo hadi kwenye katiba yao, kwa hiyo ukiacha Jumapili chache za mwaka ambazo mji unaruhusu, kilichobaki wazi ni bekari masaa machache, sheli na viduka vya stesheni. Mi Jumapili yangu ya kwanza nilialika watu chapati, unga upo, mafuta hamna hata tone, nikazunguka na mfuko mkononi mpaka nikaishia kununua kachupa sheli kwa hela ambayo jana yake ningepata mbili na chenji.

Kumbe Vaals ipo hapo tu. Ni kamji ka Uholanzi kamegusana na Aachen, na Uholanzi tangu 2013 kila halmashauri inajiamulia mambo ya Jumapili, supamaketi zipo wazi. Panda basi 350, shuka Vaals kama shida yako ni mchele na mafuta, au kaa humohumo mpaka Maastricht kama unataka nguo na viatu. Ila usifike saa tatu asubuhi, maduka mengi ya katikati ya mji Jumapili yanafungua kama saa sita mchana, afu saa kumi na moja jioni unaona wameshaanza kufunga, sa hesabu muda wako vizuri. Beba pasi na kibali cha kuishi chenyewe, sio picha kwenye simu, maana Ujerumani walirudisha ukaguzi kwenye mipaka ya huku Septemba 2024 na ukirudi unaweza kusimamishwa.

Angalia na sikukuu. Tarehe 3 Oktoba na 1 Novemba upande wa Aachen ni mapumziko, Uholanzi ni siku ya kazi kama kawaida, matokeo yake Wajerumani wote wanavuka na ukienda kwenye outlet ya Roermond, yale maduka ya nguo za chapa kwa bei ya punguzo huko Uholanzi, siku hizo utaomba maegesho kama unaomba kazi. Mi siku hizo nakaa nyumbani. Tarehe 27 Aprili mambo yanageuka, Waholanzi wana siku ya mfalme wao, we nunua Aachen.

Sa tuje kwenye punguzo. Ubelgiji ndo wenye kalenda ya sheria: ya baridi inaanza 3 Januari hadi mwisho wa mwezi, ya kiangazi ni 1 hadi 31 Julai, utaona dirishani wameandika Soldes. Ujerumani zile tarehe maalum zilifutwa 2004, duka linashusha bei likitaka. Kwa koti la baridi mi naenda Liège, hukohuko Ubelgiji, siku za mwanzo, bei haijashuka sana lakini saizi ipo, ukisubiri hadi mwisho wa Januari unakuta bei chee kweli na viatu vilivyobaki ni 36 na 46. Ukienda Jumapili asubuhi pitia na soko la La Batte kando ya mto, ila mchana wanakunja.

Soma stika. Kuna siku nimeshika koti lina stika tatu zimepandana, nikazibandua kwa ukucha, ya chini euro 89, ya kati 59, ya juu kabisa nyekundu imeandikwa punguzo, 69! Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka punguzo lihesabiwe kutoka bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizopita, kwa hiyo uliza bila aibu. Na kabla hujalipa uliza kama wanapokea kikirudishwa, maana kitu ulichojaribu mwenyewe dukani afu ukakichoka hawalazimiki kukichukua. Kikiwa kibovu ni habari nyingine, dhamana ya miaka miwili inabaki hata kama ulinunua kwa punguzo, tunza risiti tu.

Halafu chupa tupu za Vaals usizipeleke Aachen kwenye mashine ya kurudishia chupa, inazitema zote na foleni nyuma yako inakuangalia.