Wageni waachie wapi maoni yao?

Kama una gesti hapa Lamu ama unapeleka watu Manda na jahazi, usikimbilie kufungua kila kitu mara moja, chagua njia utakayoweza kuiangalia kila siku, maana maoni yasiyojibiwa ni kama kupiga hodi nyumba tupu.

Mimi naona Google Maps ndo ya kwanza, mtu akiwa bado yuko Nairobi anatafuta chumba Shela huko ndo anaanzia. Lakini ukiandikwa vibaya huwezi kufuta mwenyewe, utajibu tu, ama uripoti kama yamevunja masharti yao, na mgeni lazima awe na akaunti ya Google. Na ile ya "nipe nyota 5 nikupunguzie bei" wacha kabisa, Google na Tripadvisor (ule mtandao wa maoni ya wasafiri) wote wanakataza.

Kwa malalamiko ya ndani (maji yamekatika, neti ina tundu) Google Forms (fomu ya maswali ya mtandaoni) yatosha, ni bure, na usipolazimisha mtu kuingia akaunti atajaza bila jina na atakwambia ukweli wote. Chapisha ile QR code ya fomu (picha ya miraba mgeni anaielekezea kamera ya simu, fomu inafunguka) uibandike karibu na kitanda, sio barazani, jua na chumvi zitaifuta.

WhatsApp sawa, ila mmoja mmoja, grupu hapana wallahi, mmoja akilalamikia kahawa wote washaitikia.

Daftari la wageni pia usilitupe, wazungu wazee wanalipenda sana, wengine huchora hata punda, we piga picha kila ukurasa kabla masika hayajalilowesha.