Kukeneka maji ya bahari kwa jua: vifaa vya kuchagua na namna ya kuunda sanduku

Mtambo wenyewe ni sanduku lenye kioo kilichowekwa mshazari. Jua linapasha maji ya chumvi, mvuke unapanda na kugeuka maji upande wa ndani wa kioo, kisha maji hayo yanateremka hadi kwenye mchirizi. Chumvi inabaki chini. Ni kazi ya zamani: mwaka 1872 kule Las Salinas, kwenye jangwa la Chile, mhandisi Charles Wilson alitandaza zaidi ya mita za mraba 4,000 za kioo ili wachimba migodi na nyumbu wao wapate maji. Umbo halijabadilika sana tangu hapo. Kinachoamua kama utapata maji mwaka wa pili na wa tatu ni vifaa, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

Kwanza, piga hesabu

Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban megajuli 2.4. Siku nzuri ya pwani yetu huleta kama megajuli 18 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo hata kama hakuna joto linalopotea, sanduku la kawaida halivuki lita 7 na nusu kwa mita ya mraba. Tegemea lita 3. Sanduku la hapa, sentimita 100 kwa 80, litakupa lita 2 hadi 3 kwa siku ya jua kali. Ni maji ya kunywa ya mtu mmoja. Ya kufulia tafuta kwingine.

Sanduku

Tumia plaiwudi ya milimita 18, ile ya baharini. Ukuta wa mbele uwe sentimita 12, wa nyuma 33, ili kioo kilale kwa nyuzi kama 15. Chini ya hapo matone hayateremki vizuri, yanadondokea tena kwenye maji chumvi. Ndani tandika plastiki nzito nyeusi ya polithilini, ile ya mabwawa ya samaki, kipande kimoja kisicho na kiungo, kikunjwe pembeni bila kukatwa. Kwa nje, chini na ubavuni mwa sanduku, jaza makumbi makavu unene wa sentimita 5 au zaidi, kisha uyafunike yasilowe, kwa kuwa makumbi mabichi hayazuii joto.

Achana na bati. Chumvi italitoboa, na maji yaliyokenekwa, kwa kuwa hayana madini, huyeyusha zinki iliyopakwa bati taratibu na kuiingiza kwenye kikombe chako.

Uso wa kuvukizia

Hapa ndipo pana faida kubwa kuliko zote. Sanduku la kizamani hupasha maji yote, na asubuhi nzima hupotea kabla mvuke haujaanza. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba kitu cheusi chenye vitundu kikielea juu ya maji hukusanya joto pale pale juuni, kwenye utando mwembamba unaovukiza. Wao walitumia grafiti juu ya povu la kaboni. Sisi tuna kaniki na vifuu.

Chukua povu la polithilini la unene wa sentimita 2, lile jepesi linalofungiwa friji na televisheni. Stairofomu nyeupe iache, haifai kwa joto karibu na maji ya kunywa. Kata vipande vinne vya sentimita 18 kwa 90. Toboa tundu za upana wa penseli kila baada ya sentimita 10, na kila tundu upitishe utambi wa pamba unaofika majini. Utambi una kazi mbili: mchana unapandisha maji, usiku unashusha chumvi iliyobaki juu.

Kisha fua kaniki mpaka maji yatoke meupe, uikunje mara mbili na kuivika kila kipande, pindo zikining'inia majini pande zote. Ukitaka weusi zaidi, choma vifuu kwenye kopo lililofunikwa lenye tundu moja, hadi moshi ukatike. Ponda, chekecha, osha jivu, kisha unga huo ushonee katikati ya matabaka mawili ya kaniki. Kama mkaa unakuchosha, kaniki peke yake inafanya kazi nzuri. Lakini usipanue vipande: kikiwa kipana, katikati hukauka, chumvi ikaota, na weupe wake unarudisha jua lilikotoka.

Kioo na mchirizi

Nunua kioo cha kawaida cha milimita 4. Karatasi ya plastiki ni rahisi, ila matone yake hujikusanya kama shanga na kuzuia mwanga, na jua huichana. Sugua upande wa ndani kwa jivu laini na siki, suuza, halafu mwagia maji. Yakitanda kama utando, mafuta ya kiwandani yameisha.

Mchirizi uwe wa chuma cha pua cha daraja la 316, au bomba jeusi la polithilini la maji ya kunywa lililopasuliwa katikati. Uinamishe kidogo kuelekea tundu la kutokea.

Ziba kingo kwa silikoni ya matangi ya samaki. Ile ya bafuni ina dawa ya kuua ukungu, usiitumie. Iache ikauke hadi harufu iishe kabisa, na maji ya siku chache za mwanzo yamwage.

Kuendesha

Kutoka Tanga kwenda kusini, elekeza mteremko kaskazini. Lamu, karibu na ikweta, upande wowote unafaa.

Toboa tundu la kufurikia kwenye kimo cha sentimita 3. Kila asubuhi mimina maji ya bahari yaliyochujwa kwa kitambaa, mara tatu ya uliyovuna jana, ya ziada yatoke na chumvi upande wa pili. Ukiacha kufanya hivi, utavuna chumvi.

Pima maji kwa kipima chumvi cha mkononi. Bahari ina kama miligramu 35,000 kwa lita. Maji yako yawe chini ya 50. Ukiona mia kadhaa, kuna mahali maji chumvi yanarukia mchirizi. Ukiona mvuke unatokea kingoni, silikoni imeachia. Usitumie kamwe maji yenye petroli au dawa za mashamba, kwa sababu baadhi yake hupanda pamoja na mvuke.

Ukiwa karibu na jenereta

Kiwanda cha barafu kinachoendeshwa na dizeli hutupa joto jingi kupitia maji ya kupozea injini. Unaweza kulitumia kupasha maji chumvi kabla hayajaingia sandukuni, ila yasikutane na maji ya injini, ambayo yana sumu. Weka kibadilisha joto cha titani, yaani kifaa kinachopitisha joto bila maji hayo mawili kuchanganyika. Shaba tupu huliwa na chumvi. Usipite nyuzi 60, maana juu ya hapo chokaa huanza kuganda kwa kasi kwenye bomba. Mimina maji hayo ya moto jioni: kioo kinapopoa usiku, sanduku huendelea kutonesha bila jua.